Jibu la Juu Kabisa

Dada Kaunta alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi zisizo na ukingo, aliogopa bahasha zenye mihuri, na mtoto wa mtu akipiga chafya mfululizo yeye alishamwona amelazwa. Kaka yake, ambaye wateja wote walimwita Fundi, alimtania kwamba hata siku ya kuzaliwa alichungulia kwanza kama nje kuna usalama ndipo akatoka. Na mwanamke huyo mwoga ndiye aliyesimama kila siku mbele ya duka la kutengeneza majiko ya gesi, ameipa kisogo mitungi iliyopangwa ukutani. "Nimeizoea," alikuwa akiwaambia watu. Uongo mtupu. Hakuwahi kuizoea hata siku moja.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chembamba. Mbele palikuwa na kaunta ya mbao iliyopakwa rangi ya kijivu, na juu yake regulata, vibana, na mpira wa gesi uliokunjwa duara. Nyuma ya pazia alikaa Fundi kwenye kigoda, majiko ya watu yamemzunguka yakiwa wazi matumbo, naye akipuliza matundu na kusugua kutu huku akiimba vibaya. Fundi alijua gesi, Dada Kaunta alijua watu. Mgawanyo huo uliwalisha tangu baba yao alipowaachia duka, na ungeendelea kuwalisha kama watu wasingeacha kuulizana na kuanza kuuliza simu.

Hofu yake ya kweli ilianzia hapo. Jiko likigoma, mtu hakumuuliza tena jirani kwamba fundi mzuri yuko wapi. Aliandika shida yake kwenye simu, na simu ikamletea kampuni moja kubwa yenye magari meupe na vijana waliovaa sare. Duka la Fundi lilikuwa huko chini kabisa ya orodha, mahali ambapo hata mwenye shida ya kufa mtu hashuki mpaka akafika. Wateja wakapungua. Kuna asubuhi Dada Kaunta alizifuta vumbi regulata zile zile tena na tena kwa kukosa la kufanya, akitupa jicho mlangoni kila mara.

"Watarudi," Fundi alisema kutoka nyuma ya pazia. "Wale wa magari meupe hawajui hata kuzibua tundu."

"Watarudi lini, kaka? Tukishafunga?"

Fundi akaanza tena kuimba.

Dada Kaunta alikuwa na rafiki wa tangu shule, aliyewahi kuwa mchapaji wa barua kwenye duka la steshenari na sasa aliwaandikia watu kurasa za mtandaoni. Walikuwa wanaitana shoga, basi na sisi tumwite Shoga. Alikuja Jumamosi moja na kompyuta yake mpakato, akaifungua juu ya kaunta, na neno la kwanza alilolitamka likamtia mwenzake baridi.

"Huu ukurasa wenu," alisema, "umeandikwa 'jiko la gesi, fundi jiko la gesi, jiko la gesi bei nafuu,' kama mtu mwenye kigugumizi. Nani kawaandikia?"

"Mimi," Dada Kaunta alijibu kwa sauti ndogo.

"Haya ni mambo ya kale, shoga yangu. Siku hizi mtambo wa kutafutia hauhesabu maneno. Unatafuta maana. Mtu anaandika 'moto wa njano unachafua sufuria zangu.' Hajataja jiko, hajataja gesi, hajataja fundi. Lakini mtambo unamwelewa kwamba matundu yake yameziba. Halafu unajiuliza, kwenye habari za jiko nani anazijua zote? Huyo ndiye unayempeleka mbele."

"Unamjuaje anayezijua?"

"Kwa kuona nani ameandika mada nzima. Siyo ukurasa mmoja mtamu ukaenda kulala. Mada nzima, mwanzo mpaka mwisho, na kila ukurasa umeshikana mkono na mwenzake. Hapo mtambo unasema, ahaa, huyu ndiye mwenye mambo yake."

Shoga akapasua ubavu wa katoni ya jiko, akachora duara katikati na kuandika humo "gesi ya kupikia." Kutoka kwenye duara akatoa matawi: kununua mtungi, kuufunga, moto, kusafisha, mpira, harufu, usalama. Kila tawi likazaa vitawi, na kila kitawi kikawa kisanduku chenye swali, limeandikwa vile vile watu wanavyouliza kwa midomo yao. Kwa nini jiko linanguruma? Nitajuaje mtungi unakaribia kwisha? Mpira umeng'atwa na panya, nifunge na plasta? Hapo Fundi alitoa kichwa nje ya pazia na kusema kwamba anayefunga mpira kwa plasta angekuja kuchapwa bakora na yeye mwenyewe. Walicheka sana. Jua lilipopinda, katoni ilikuwa imejaa mpaka kwenye kingo.

"Kila penye swali pawe na jibu," Shoga alisema akikusanya kalamu zake. "Ukiacha pengo, mtambo unaona hujui vizuri, unamwendea mwingine. Usiache pengo, shoga. Pengo ndilo linalokuua."

Maneno hayo yalimganda Dada Kaunta kichwani. Mtu mwingine angeyachukua kama ushauri wa kazi. Yeye aliyachukua kama tangazo la hatari, maana ndivyo alivyochukua mambo yote.

Basi wakaanza. Kila jioni Fundi alipokuwa ananawa grisi kwa sabuni ya unga, Dada Kaunta alisimama pembeni ya karai na kompyuta ya kuazima mkononi akimuuliza swali kutoka kwenye katoni. Fundi alijibu akisugua kucha, kwa lugha yake, na dada mtu aliandika kama kaka alivyosema, kisha akanyoosha. Kwa nini jiko linanguruma? "Kwa sababu linakula hewa kuliko gesi, kama mtu anayekunywa uji kwa pupa." Akaandika. Ukurasa wa moto aliuunganisha na wa kusafisha, wa kusafisha akauunganisha na wa matundu, wa matundu ukarudi kwenye moto. Mwanzoni vidole vyake vilikuwa vinatafuta herufi mojamoja, akiogopa kubonyeza kitu kikalipuka. Baadaye akazoea, na safari hii alizoea kweli.

Duka likaanza kupanda. Kwanza polepole, halafu kwa mkupuo. Simu ikawa inaita, na wapigaji walizungumza kama watu wanaomjua Fundi tangu utotoni. "Ninyi si ndio mlioandika habari za uji kwa pupa? Basi njooni, langu linanguruma." Fundi alivimba kichwa mpaka mkewe akamwambia apunguze. Na Dada Kaunta, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa akifunga duka na kwenda zake bila kurudi kukagua kufuli.

Kwenye katoni vikabaki visanduku vichache, kisha kikabaki kimoja, kwenye tawi la harufu: "Nasikia harufu ya gesi na jikoni kwangu hakuna dirisha, nifanye nini?" Wakati huo Fundi alikuwa amepata kazi ya kufunga majiko makubwa kwenye shule ya bweni nje ya mji. Aliondoka alfajiri, akarudi amechoka hoi, na kunawa kwenyewe alinawa akisinzia. Dada Kaunta akaona asimsumbue. Siku moja mchana akampigia huko huko kazini.

"Afunge mtungi!" Fundi alipaza sauti katikati ya kelele za mashine ya kutobolea ukuta. "Afungue mlango! Atoe hewa!" Kisha simu ikakatika.

Dada Kaunta alikaa akiyatazama maneno hayo. Yalikuwa machache mno. Kurasa zake nyingine zilikuwa na nyama, huu ulikuwa mifupa mitupu. Atoe hewa, sawa, lakini aitoeje na dirisha hana? Akalifikiria jiko la nyumbani kwao, lenye joto la kuivisha mtu, na jinsi wifi yake alivyowasha feni kila mara moshi ulipojaa. Jibu likamjia lenyewe. Akaandika: "Funga mtungi na ufungue mlango. Kisha washa feni uielekeze mlangoni, hewa yote yenye gesi itoke haraka." Aliisoma, akaipenda. Ilikuwa fupi, nyoofu, ya kueleweka hata na mtu aliyechanganyikiwa. Akaituma mtandaoni, akakikata kile kisanduku kwa kalamu nyekundu, na katoni yote ikawa imekamilika. Hakumpa Fundi asome. Angempa ya nini, na pengo limeshazibwa?

Jumapili iliyofuata walikuwa wanakula mchana nyumbani: yeye, Fundi na wifi yake. Dada Kaunta alikuwa anapekua simu chini ya meza, tabia ambayo wifi yake hakuipenda, mara akaruka na kiti chake.

"Tumekaa juu kabisa!" alisema. "Wale wa magari meupe wako chini yetu! Mtambo umelichukua jibu letu, umelitia kwenye kisanduku peke yake, juu ya wote!"

"Hebu soma," wifi yake alisema, akisahau kununa.

Dada Kaunta akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya mtangazaji. Mtu aliuliza afanye nini akisikia harufu ya gesi, na kisanduku kikajibu: "Washa feni uielekeze mlangoni, hewa yote yenye gesi itoke haraka." Maneno ya kufunga mtungi na kufungua mlango yalikuwa yameachwa nje. Chini yake jina la duka, na namba ya simu.

Fundi alikuwa na tonge mkononi. Halikufika mdomoni.

"Nani kasema feni?"

"Si wewe ulisema atoe hewa?"

"Nimeuliza, nani kasema feni?"

Akalirudisha tonge kwenye sahani. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Dada Kaunta, kwa sababu Fundi alikuwa mtu wa kupiga kelele hata akiomba chumvi.

"Swichi ukiibonyeza inatoa cheche," alisema. "Huioni, iko ndani kwa ndani, lakini ipo. Feni yenyewe inaweza kutoa cheche. Chumba kimejaa gesi, halafu unamwambia mtu awashe swichi. Bora ungemwambia awashe kiberiti, angalau kiberiti watu wanakiogopa. Penye gesi umeme hauguswi, mdogo wangu. Si kuwasha, si kuzima. Anafunga mtungi kama anaufikia, anaacha mlango wazi, anatoka. Basi."

Dada Kaunta akainuka mezani. Alikwenda kwenye kompyuta, akafungua ule ukurasa, akaifuta ile sentensi, na mahali pake akaandika kwa herufi kubwa: USIWASHE FENI. USIGUSE SWICHI YOYOTE. Akahifadhi. Kisha akarudi kwenye simu na kuuliza upya lile swali, kama mtu yeyote mwenye shida.

Washa feni uielekeze mlangoni, kisanduku kilimjibu.

Akauliza tena. Washa feni.

Alimpigia Shoga, na maneno yakawa yanatoka yamevunjikavunjika. Shoga alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtambo una nakala yake," alisema. "Ulichorekebisha ni chako. Kule juu kuna kile mtambo ulichokisoma siku ile. Utarudi kukusoma tena wakati wake."

"Wakati gani?"

"Pengine kesho. Pengine wiki ijayo. Nitaomba urudi mapema, lakini huko hakuna mtu wa kumgongea mlango."

"Na nikifuta ukurasa wote?"

"Nakala iko pale pale."

"Kwa nini umelichukua hilo? Mbona kuna kurasa zote zile, za kaka, za kweli, kwa nini umelichukua hilo?"

"Kwa sababu ni fupi na limejibu swali moja kwa moja," Shoga alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimchoma. "Na kwa sababu mnaaminiwa, shoga. Si ndicho tulichokuwa tunakitafuta?"

Siku zilizofuata Dada Kaunta hakuwa mtu. Alisimama kwenye kaunta, akapima mpira, akarudisha chenji, lakini roho ilikuwa juu juu. King'ora chochote kilichopita barabarani kilimtoa mpaka mlangoni. Lori likiangusha mzigo wake kwa kishindo, alishika ukingo wa kaunta na kusubiri watu wapige mayowe. Shoga alikuwa amempa mahali pa kuona jibu lake limesomwa na watu wangapi. Alifungua mara moja, akaona tarakimu zinaanza kujitokeza, akaufunika uso wa kompyuta kwa kiganja. Hakutaka kujua. Kila mmoja katika hao alikuwa na jiko, na pengine nyuma ya jiko chumba cha kulala.

Kibaya zaidi ni kwamba hofu hii haikufanana na zile alizozizoea. Mbwa unaweza kuvuka barabara ukamkwepa. Hapa yeye ndiye aliyekuwa mbwa. Aliwafikiria watu asiowajua, wenye hofu kama yake, wanaonusa hewa jikoni na kukimbilia simu ili mtu anayejua awaambie la kufanya. Nao wanasoma mstari mmoja tu. Nani angebonyeza aingie ndani asome maonyo yake ya herufi kubwa, wakati jibu lilikuwa limeshawasubiri mlangoni?

Jumatano alasiri umeme ukakatika mji mzima. Duka likawa giza nusu, Fundi yuko kwenye shule yake ya bweni, na Dada Kaunta peke yake kwenye kaunta. Simu ya duka ikaita.

"Halo, ni kwa mafundi wa gesi?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, changamfu, ya mtu asiye na haraka. "Naomba mnitumie fundi. Mtungi wangu unavuja, nyumba nzima inanuka."

"Uko ndani au uko nje?"

"Niko ndani, hapa hapa jikoni. Lakini usiwe na wasiwasi, dada, nimeshafanya kama mlivyoandika. Nimeweka feni, nimechomeka, nimebonyeza swichi. Ila ndiyo kama hivyo, umeme ulikuwa umekatika. Nasubiri urudi tu."

Dada Kaunta aliigandamiza simu sikioni. Aliiona ile feni kana kwamba imesimama mbele yake: imechomekwa, imewashwa, inasubiri. Umeme ungeweza kurudi kesho. Ungeweza kurudi kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

"Mtungi umeufunga?"

"Mtungi? Hapana. Hamkuandika kufunga mtungi."

"Toka nje."

"Eh?"

"Toka nje, mama, sasa hivi. Usiguse kitu chochote."

"Haya, basi ngoja niizime hii feni kwanza..."

"Usiizime!" Dada Kaunta alipiga kelele mpaka mpita njia akageuka. Halafu akajiuliza, kwa nini asiizime? Umeme si haupo? Pengine kuizima sasa kulikuwa salama kabisa, pengine ndilo hasa lililotakiwa. Au pengine umeme ungerudi kidole cha yule mama kikiwa pale pale juu ya swichi. Swali hilo halikuwa kwenye katoni. Simu ya kaka yake, akiwa juu ya ngazi na mashine mkononi, isingepokelewa. Mama yule alikuwa anasubiri jibu, na jibu zuri, fupi, nyoofu, lilikuwa limeshaanza kujipanga kwenye ulimi wa Dada Kaunta. Akalimeza.

"Sijui, mama," alisema. "Hilo silijui. Ndiyo maana nakwambia usiguse. Toka tu."

"Sasa mbona mnanichanganya? Kwenye simu imeandikwa feni. Nimesoma mwenyewe kwa macho yangu, juu kabisa."

"Imekosea."

"Nani kasema imekosea?"

"Mimi."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana, mimi siye fundi."

"Basi nimsikilize nani, wewe au wanaojua?"

"Wanaojua ndio mimi!" Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta. "Niliandika mimi, mama. Hakuna mwingine. Nilikaa hapa nilipokaa nikaandika kitu nisichokijua, nilikosea, nakuomba kama dada yako uliyezaliwa naye, toka humo ndani. Una nani hapo?"

Ile sauti iliyojibu haikuwa changamfu tena.

"Mwanangu. Amelala chumbani."

"Mchukue. Usitafute viatu. Mlango uache wazi."

Alisikia nyayo, kitu kikianguka, mtoto akianza kulia kwa hasira ya kuamshwa. Alisikia mlango, kisha hewa ya nje na pumzi za mtu anayekimbia. Alikuwa ameishika ile simu kwa mikono miwili.

"Nimetoka," mwanamke alisema akihema. "Niko barabarani."

"Sogea mbali zaidi."

"Nimesogea. Majirani wamenizunguka, wanauliza kuna nini."

Na hapo, kabla Dada Kaunta hajamjibu, alisikia kwenye simu watoto wakipiga yowe la shangwe, wengi, mtaa mzima. Alijua ni yowe la nini. Taa iliyokuwa juu ya kaunta yake nayo ikawaka.

Alifumba macho, akakunja mabega kama mtu anayesubiri kofi. Alisubiri mlio. Alisubiri mayowe yabadilike. Watoto waliendelea kushangilia, mtoto wa yule mama akaendelea kulia, na mlio haukuja.

"Feni inazunguka," mwanamke alisema polepole. "Naiona kupitia mlangoni. Inazunguka tu."

Dada Kaunta akateremka sakafuni, akakaa nyuma ya kaunta, mgongo wake ukiegemea mtungi. Pengine mlango ulioachwa wazi uliipunguza gesi. Pengine cheche haikutoka, au ilitoka mahali pasipo na kitu. Asingejua kamwe. Wako hai, alijiambia, wako hai.

"Halo? Dada, bado upo?" Uchangamfu ulikuwa umerudi kwenye ile sauti, tena na kicheko kidogo. "Umenitia hofu bure, mwenzangu. Mbona haikulipuka? Halafu hata harufu inapungua, hapa nilipo siisikii tena. Kumbe mlichoandika ni kweli tupu."

"Hapana. Mama, nisikilize. Usirudi ndani. Ile siyo..."

"Ngoja, ngoja kidogo, hawa majirani wanataka kujua nimefanyaje. Wote wana mitungi hawa." Simu ikasogezwa mbali na sikio, lakini bado ilikuwa wazi, na Dada Kaunta alisikia kila neno. "Hii hapa, oneni wenyewe, iko juu kabisa. Nawasomea."

"Mama!" Dada Kaunta aliita kutoka sakafuni. "Halo! Usisome! Mama!"

Yule mwanamke alikuwa anasoma kwa sauti ya kufikia watu wengi, taratibu, asimwache mtu nyuma. Washa feni. Uielekeze mlangoni. Hewa yote yenye gesi itoke haraka. Watu waliitikia kwa miguno ya kukubali, na Dada Kaunta akaendelea kuita ndani ya simu ambayo hakuna aliyeiweka sikioni.

"Rudia," alisikia mwanamume mmoja akisema. "Pale mwanzo sijashika vizuri. Unawasha nini?"